Kicheko kwa Idhini: Duraid Lahham na Tashtiti ya Syria

Duraid Lahham, aliyezaliwa Damascus mwaka 1934, alikuwa mwalimu wa kemia kabla ya kuvutwa na televisheni ya Syria, iliyoanzishwa mwaka 1960. Alivuma kwanza kwa mhusika mmoja, Ghawwar: mlaghai wa mtaani avaaye tarabushi na mitalawanda, ambaye hila zake zilimwangukia zaidi Husni, aliyeigizwa na Nihad Qal'i. Msomaji aliyekulia hekaya za Abunuwasi atamtambua mara moja, ingawa tofauti yao si ndogo. Abunuwasi humshinda sultani. Ghawwar wa miaka ya 1960 aliwashinda majirani tu.

Ni mshairi Muhammad al-Maghout, aliyepata kufungwa kwa sababu za kisiasa katika miaka ya 1950, aliyemkabilisha Ghawwar na dola. Ushirikiano wao ulizaa Day'at Tishrin (1974), Ghurba (1976) na Kasak ya Watan (1979). Katika hiyo ya tatu, raia anayeteswa kwa umeme anaangua kicheko, kwani umeme umeufikia mwili wake kabla ya kukifikia kijiji chake. Hatimaye anazungumza kwa simu na babake, shahidi aliye peponi, na kumhakikishia kuwa hakuna kilichopungua isipokuwa heshima kidogo.

Yote haya yaliigizwa hadharani chini ya utawala wa Hafez al-Assad, na hapo ndipo penye utata. Wapo wahakiki wanaoiita sanaa ya aina hii tanfis, yaani kutoa pumzi: hadhira hucheka, dukuduku likapungua, dola ikasalimika. Hoja hiyo ilipata nguvu baada ya mwaka 2011, Lahham aliposimama upande wa serikali, na wengi waliomwona Ghawwar kuwa msemaji wao wakahisi wamesalitiwa. Al-Maghout alikwisha fariki mwaka 2006. Utawala wenyewe ulianguka Desemba 2024.

Hata hivyo, hoja ya tanfis humhukumu mwigizaji kwa urahisi kuliko inavyoihukumu matini. Filamu ya al-Hudud (1984), aliyoiongoza Lahham mwenyewe, inamhusu msafiri aliyepoteza pasipoti akakwama baina ya nchi mbili za kubuni, Sharqistan na Gharbistan. Wakubwa wanamwandalia mkutano, wanahutubia umoja wa Waarabu, wanapigiwa makofi, wanaondoka. Anapojaribu kuvuka, askari wanamzuia. Filamu, basi, iliijua tanfis na kuionyesha waziwazi, miaka mingi kabla ya mwigizaji wake kushutumiwa kwayo.