Kiatu cha Mchunga Ng'ombe

Kabla ya kukata tairi, baba mdogo huchovya kisu majini. Kopo la maji hukaa karibu na mguu wake siku nzima, maana mpira mkavu hung'ang'ania kisu, na ukilazimisha utajikata kidole. Alifundishwa hivyo na babu. Babu naye alifundishwa na mtu ambaye kwetu hajawahi kuwa na jina, huitwa tu "yule wa gereji". Kibanda chetu kiko Dodoma mjini, chini ya mkwaju, na kinatengeneza kitu kimoja tu: katambuga.

Mwaka jana baba mdogo alinipigia simu akasema anafikiria kufunga. Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. "Wewe ndiye uliyesoma," akaniambia, "andika basi hata historia yake, tusije tukaonekana hatukuwepo."

Nakiri kwamba sikuwa mtu sahihi wa kuombwa. Nilipokuwa darasa la tano nilizificha katambuga zangu kichakani karibu na shule, nikaingia darasani peku, kwa sababu wenzangu walikuwa wakiziita "Scania". Babu alijua. Alizifuata, akazirudisha nyumbani, na hakunisema hata neno moja. Hilo ndilo lililoniuma.

Wateja wa babu walikuwa wachunga ng'ombe: Wagogo wenzetu, Wamaasai waliopita na mifugo, Wabarabaig walioshuka kutoka Hanang. Nyanda hizi ni kavu, na chini zimejaa mbigili, yule mwiba mdogo wenye pembe ambao ukianguka vyovyote vile hubaki umeelekeza ncha juu. Ukivuka mbigili unakutana na miiba ya migunga, mirefu kama sindano ya gunia. Ndala ya plastiki haifiki jioni. Tairi la lori linafika miaka.

Zamani walivaa ngozi. Babu alisema baba yake alikata makubazi kutoka ngozi ya ng'ombe aliyekufa, akayafunga kwa ukanda wa ngozi hiyohiyo. Kiatu cha ngozi kinahitaji ng'ombe, na ng'ombe wa Ugogo walipata kuisha. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua mifugo, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua nayo ikakataa. Njaa iliyofuata, kuanzia 1917 hadi 1920, Wagogo wanaiita Mtunya, na nilipokuwa mdogo bibi alikuwa bado analitaja jina hilo kwa sauti ya chini, kama vile lingeweza kusikia.

Tairi lilikuja baadaye, na kwa upande wetu lilikuja na karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza Kongwa mpango mkubwa wa kulima karanga, ili nchi yao iliyotoka vitani ipate mafuta ya kupikia. Walileta matrekta, matingatinga yaliyonunuliwa kwenye masalia ya vita, hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa mashine za kulimia. Hawakuuliza sana habari za udongo. Udongo wa Kongwa kiangazi hukauka ukawa kama tofali, na karanga zilizokubali kuota zikakatalia ardhini. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, takriban pauni milioni 36 zikiwa zimepotea. Sehemu ya ardhi ile ikawa ranchi ya ng'ombe, jambo ambalo mzee yeyote wa Kigogo angewashauri bure.

Babu alikuwa kibarua huko, kijana wa kufyeka vichaka. Gereji ya Kongwa ndiyo "gereji" ya yule mtu wetu asiye na jina. Miiba iliyokuwa ikitoboa miguu ya watu ilitoboa na matairi, na nyuma ya gereji kulikuwa na lundo. Babu alirudi nyumbani na mshahara mdogo, blanketi moja, na ujuzi wa kuchana tairi.

Namna ya kupima haijabadilika. Mteja anakanyaga karatasi ya mfuko wa saruji, unazungusha mkaa kufuata mguu, unaandika jina. Anakwenda mnadani Msalato na ng'ombe wake, akirudi anakuta kiatu. Nilisoma baadaye kwamba huko Texas, mwaka 1879, fundi aitwaye H. J. Justin alifungua duka la buti katika kijiji cha Spanish Fort, karibu na njia ya kuswagia ng'ombe kwenda kaskazini, na inasimuliwa kwamba wachungaji waliacha vipimo wakienda na kuchukua buti wakirudi. Watoto wake waliirithi kazi, na buti za jina hilo bado zinauzwa. Nilipomsimulia baba mdogo alicheka. "Kumbe na wao wana Msalato yao."

Ila wao walikuwa na ngozi na benki. Sisi tulikuwa na barabara. Barabara Kuu ya Kaskazini, ile ya kutoka Iringa kwenda Arusha, inapita Dodoma, na malori yalipita nayo. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma ilipowahamishia Wagogo katika vijiji vya ujamaa, ukoo wetu uliacha tembe zake na kusogezwa pembeni mwa barabara. Babu aliyachukia mambo mengi ya uhamisho ule, lakini alikubali kwamba matairi yalikuwa karibu.

Serikali nayo ilikuwa na ndoto zake za viatu. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Bata ilikuwa miongoni mwa kampuni ambazo taifa lilichukua sehemu kubwa ya hisa zake. Kisha kikajengwa kiwanda Morogoro, kilomita 260 hivi kutoka kibandani kwetu, kwa fedha za Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya. Kuta zake zilikuwa za alumini, bila mfumo wa kupitisha hewa, katika joto la Morogoro. Hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake, na mwaka 1990 uzalishaji ulikoma.

Miaka ya mwanzo ya 1980, viatu vya dukani vilipoadimika kama sukari, babu hakulala. Walimu walikuja. Karani wa mahakama alikuja usiku, akaomba zipakwe rangi nyeusi zifanane na viatu vya ngozi. Baba mdogo, wakati huo kijana, ndiye aliyezipaka. Anasema ilikuwa mara ya kwanza kuona mtu mkubwa akiona aibu mbele yake.

Mitumba ilipokuja haikutuua, wala yeboyebo hazikutuua, maana mbigili haijali fasheni. Kinachotuua ni waya. Matairi ya zamani ya malori yalikuwa na nyuzi ndani, na nyuzi zinakatika kwa kisu kilichonolewa vizuri. Ya siku hizi yana waya za chuma. Zinavunja makali, na soli ikilika, ncha zinachomoza na kumchoma mvaaji, sasa mwiba ukitoka ndani ya kiatu chenyewe. Tairi la bajaji halina waya lakini ni jembamba. Baba mdogo ana miaka zaidi ya sitini, na bado anazunguka gereji moja baada ya nyingine akigonga matairi kwa kidole.

Nilikwenda mwezi wa nane. "Mbukwa," akanisalimu bila kuinua kichwa. Alikuwa amepata tairi la tela la trekta kutoka Kibaigwa, la nyuzi tupu, akilishika kama mtu aliyepata mbuzi aliyepotea. Nilimwonyesha kurasa nilizoandika. Alizisoma polepole, akasahihisha jambo moja: karani alikuja mara mbili. Kisha akatandika karatasi ya saruji chini, akaokota mkaa.

"Kanyaga."

Nikavua raba.