Miaka 60 na Ushei ya Kuizungumza Historia Yetu

Mwaka 1955 mwanaakiolojia wa Uingereza, Mortimer Wheeler, alipita katika pwani ya Tanganyika akastaajabia vigae vya kaure ya Uchina vilivyotapakaa Kilwa na kwingineko, vingi hata vinaokotwa bila kushika jembe. Kwa wenyeji halikuwa jambo geni. Mababu zao walipachika bakuli za kaure kwenye nguzo za makaburi na kuta za misikiti, na magofu yale wameyaona tangu utotoni. Lakini Wheeler alikuwa katibu wa British Academy, na alilosema lilisikika London. Ilipofika 1960 taasisi ya kuchunguza historia na akiolojia ya Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuzaliwa. Ilianzia Dar es Salaam, ikahamia Nairobi, na baadaye jina lake likafupishwa kuwa Taasisi ya Uingereza katika Afrika Mashariki. Wengi tunaiita BIEA, na makao yake leo yako barabara ya Laikipia, mtaa wa Kileleshwa.

Neville Chittick, aliyekuwa msimamizi wa mambo ya kale Tanganyika, alishika ukurugenzi mwaka 1961 na kuuacha mwaka 1983. Kazi yake kubwa ilikuwa Kilwa Kisiwani. Huko alifukua Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukingoni mwa genge juu ya bahari. Lina vyumba zaidi ya 100, nyua kadhaa na birika la kuogea lenye pembe nane. Ukisimama kwenye ngazi za ua wake unaelewa kwamba hapa palikuwa na mtu mwenye fedha za kuchezea. Dhahabu ya Sofala ilikuwa ikipitia mikononi mwa Kilwa, na ndiyo iliyolipa mafundi.

Mwaka 1966 taasisi ilianzisha jarida la Azania. Humo Robert Soper alieleza vyungu alivyovifukua Kwale, nyuma ya Mombasa, vya wakulima na wafua chuma walioishi huko tangu takriban karne ya 3. Kitabu cha Kilwa kilitoka mwaka 1974, juzuu mbili nene. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini juzuu mbili za Kiingereza hazimfikii mvuvi wa Kilwa Masoko, wala mwalimu wa historia wa Voi mwenye vipindi 30 kwa wiki. Ndiyo maana katika yote yaliyofanywa na BIEA, naipa thamani ya pekee mihadhara yake ya wazi.

Hakuna kiingilio, wala huulizwi kadi ya uanachama. Anaweza kuja mwanafunzi wa shahada ya kwanza, mtafiti aliyetoka kuchimba Turkana, au mkazi wa jirani aliyeona tangazo tu. Msemaji anaeleza alichokiona, kisha maswali yanafunguliwa, na hapo ndipo utamu ulipo. Kwenye jarida mwandishi hujibiwa baada ya mwaka au miwili, na mwanazuoni mwenzake. Barazani hujibiwa papo hapo, pengine na mtu ambaye makaburi yanayozungumziwa ni ya babu zake.

Na majibizano hayo yalihitajika, kwa sababu historia ya pwani iliandikwa kwanza kwa upande mmoja. Mwaka 1965 Chittick aliandika juu ya "ukoloni wa Shirazi" Afrika Mashariki, na kwa miaka mingi alishikilia kwamba miji ya pwani ni matunda ya wahamiaji kutoka ng'ambo. Kisha Mark Horton akachimba Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980. Chini ya msikiti wa Ijumaa alikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa kale kabisa ukiwa wa miti, wa karne ya 8, ndani ya kijiji ambacho vyungu vyake ni vya Kiafrika. Mtanzania Felix Chami naye akaonyesha kwamba mizizi ya miji hiyo iko kwa wakulima na wafua chuma wa pwani yenyewe. Kitabu cha Shanga kilichapishwa mwaka 1996, na mchapishaji wake alikuwa BIEA, taasisi ileile ambayo mkurugenzi wake alikuwa ameandika kinyume. Kwangu hilo ndilo jambo la fahari kuliko yote katika historia yake.

Mwaka 2023 likaja jibu jingine. Chapurukha Kusimba, Mkenya, na wenzake walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa pwani na bara yake ya karibu kati ya 1250 na 1800. Katika miji ya pwani ukoo wa kikeni ulikuwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa mno, na wa kiumeni wengi walitoka Asia, hasa Uajemi. Kuchanganyika kulianza takriban mwaka 1000. Basi wazee waliosimulia habari za Washirazi hawakuwa wakibuni, na waliosema Uswahili ni wa Afrika nao walikuwa na haki. Mada ya namna hiyo haiishi kwa makala moja. Inagusa majina ya watu, ndoa, hati za viwanja, na nani anaitwa mgeni kwao.

Lipo deni moja. Lugha ya mihadhara kwa sehemu kubwa bado ni Kiingereza, na ukumbi uko Nairobi, mbali na Kilwa, Pate na Kwale yalikotoka mengi ya yanayozungumzwa. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa kazi hiyo: gofu, kaure, tabaka la udongo, ukoo. Ningependa kuona mhadhara wa Husuni Kubwa ukitolewa Kilwa Masoko, baada ya swala ya alasiri, boti zikiwa zimesharudi na wenyewe wana nafasi ya kuuliza.