Ruzuku ya Sanaa: Hairudishwi, Lakini Huhesabiwa

Tangazo la fedha za wasanii likiandikwa kwa Kiingereza huwa na neno moja tu: grant. Likifika kwenye Kiswahili hutawanyika. Huyu ataliita msaada, yule ufadhili, mwingine udhamini, na katika mazungumzo ya kawaida huwa "hela za wafadhili" basi. Maneno hayo yote ni halali, ila kila moja lina kazi yake. Msanii anayeyachanganya hujikuta akibisha mlango usio wake: anaomba mkopo akidhani amepewa, au anasubiri zawadi mahali panapotakiwa mpango kazi. Neno linalofaa tunalo tangu zamani, nalo ni ruzuku.

Ruzuku na riziki ni ndugu wa shina moja la Kiarabu. Mungu humruzuku mja wake, na Abdulrazak, jina lililozoeleka sana pwani, ni mja wa Mwenye kuruzuku. Katika maana hiyo ya kidini ruzuku haina fomu, haina tarehe ya mwisho, wala hakuna anayedai risiti. Lugha ya serikali ilipolichukua neno, maana ikabanwa. Mtanzania akisikia ruzuku leo anafikiria mbolea ya mkulima, fedha za uendeshaji wa shule, au fungu linalokwenda kwa vyama vya siasa. Mkenya naye amelisikia kwenye habari za mbolea na unga wa mahindi.

Matumizi hayo ya serikali yana mambo ambayo msanii anayahitaji. Fedha inatoka kwenye fungu linalojulikana. Wanaostahili wametajwa kwa vigezo. Kazi ya fedha imetajwa. Haitarajiwi kurudishwa. Na hesabu yake hutolewa: chama cha siasa nchini Tanzania hakirudishi ruzuku, lakini Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua vitabu vyake. Kwa hiyo tunaweza kufasili hivi: ruzuku ya sanaa ni fedha inayotolewa na serikali, mfuko au taasisi kwa msanii au kikundi kilichotimiza vigezo vilivyotangazwa, kwa kazi iliyoelezwa na muda uliowekwa, bila kurudishwa, kwa sharti la kutoa hesabu.

Fasili hiyo inapimwa kwa majirani zake, na jirani wa kwanza ni mkopo. Wengi wakiona neno "mfuko" kwenye jina la chombo hudhani ni pesa za kugawiwa. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania umekuwa ukiwapatia wasanii mikopo kwa kushirikiana na benki. Ni huduma yenye manufaa kwa mwenye studio inayoingiza fedha kila mwezi, lakini marejesho yatadaiwa hata filamu isipouzwa. HEVA Fund ya Nairobi, iliyoanza mwaka 2013, imewahi kutoa vyote viwili, mikopo na ruzuku, kwa programu tofauti. Jina la taasisi haliwezi kukuambia unachoomba. Masharti ya programu husika ndiyo yanayokuambia.

Jirani wa pili ni tuzo. Tuzo huitazama kazi iliyokwisha kufanyika. Ruzuku huitazama kazi inayokuja. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, humtaka mwandishi alete mswada uliokamilika. Kazi iliyokwisha kuandikwa hutakiwa pia kwenye tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell na baadaye kuitwa Safal-Cornell. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021 hakuulizwa angeandika nini baadaye wala angetumiaje fedha zile. Mshindi wa tuzo akijinunulia shamba ni haki yake. Mpokeaji wa ruzuku akifanya hivyo kwa fedha za kuchapishia kitabu, amevunja mkataba.

Hapa pana mtego mmoja. Wako wanaoiita tuzo fedha ambayo kwa tabia ni ruzuku. Mfuko wa Prince Claus wa Uholanzi, ulioanzishwa mwaka 1996, una Seed Awards, ambazo kwa jina ni tuzo. Lakini msanii anayechipukia huomba mwenyewe, akaeleza kazi zake na anakotaka kuzifikisha, na akichaguliwa hupewa yuro 5,000 za kukuza kazi hizo. Kinachotazamwa ni safari iliyo mbele, kwa hiyo maombi ya namna hii huandikwa kwa akili ya ruzuku.

Udhamini nao ni biashara ya halali. Kampuni ya simu au ya vinywaji inayodhamini tamasha inataka nembo yake ionekane jukwaani na jina lake litajwe na mshereheshaji. Inanunua macho ya watazamaji. Mwenye kuomba udhamini aeleze watu wangapi watahudhuria na nembo itakaa wapi. Mwenye kuomba ruzuku aeleze kazi ni ipi, kwa nini ifanywe sasa, na kwa nini yeye ndiye wa kuifanya. Kumpelekea mdhamini barua ya ruzuku, au kinyume chake, ni kujinyima nafasi.

Mpaka mgumu zaidi ni ule wa ruzuku na ufadhili. Mfadhili limekwisha kukaa katika lugha kama jina la mtoaji, na ufadhili wa masomo unaeleweka kila mahali. Hakuna haja ya kuyafukuza. Lakini ndani ya ufadhili mna fadhila, na fadhila hufuatwa na deni la shukrani. Ndiyo maana wahenga wakasema mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi. Historia ya taarabu inatupa mfano mzuri wa ufadhili katika maana yake kamili. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim mjini Kairo kujifunza muziki, na aliporudi akapiga katika kasri. Hapakuwa na tangazo, vigezo wala washindani. Mtawala alipenda, akachagua, akalipa, na muziki ukawa wake.

Ruzuku haiendi hivyo, au haipaswi kwenda hivyo. Anayeomba hamsifu mtoaji. Anajibu maswali yaliyoulizwa hadharani, na mwenzake aliye Kigoma ameulizwa maswali yaleyale. Tofauti hii inaonekana hata katika sauti ya maombi. Mtu aliyezoea kufikiria msaada huandika kuhusu shida zake: kodi ya nyumba, studio iliyoungua, ndugu wanaomtegemea. Huenda yote ni kweli, lakini jopo linalosoma maombi mia kadhaa linatafuta kazi. Anayefikiria ruzuku huandika kuhusu kazi hiyo, na shida huingia pale tu inapoeleza kwa nini kazi haitafanyika bila fedha.

Ruzuku yenyewe ina sura mbalimbali. Ipo ya mtu binafsi na ipo ya taasisi, na kosa la kutotofautisha hizi mbili hukatisha tamaa wengi. Mfuko wa Kimataifa wa Anuwai za Utamaduni wa UNESCO, unaotokana na mkataba wa mwaka 2005, unaweza kutoa hadi dola 100,000 kwa mradi, lakini haupokei maombi ya mtu mmoja mmoja. Mwombaji lazima awe shirika lisilo la kiserikali au chombo cha umma. Msanii asiye na shirika si lazima akimbilie kusajili moja kwa ajili ya ombi moja. Anaweza kuungana na kikundi kilichosajiliwa, kikaomba na kupokea fedha, mradi makubaliano ya nani analipwa nini yaandikwe kabla ya kutuma maombi.

Sura nyingine ni ukaazi. Hapo mwandishi au mchoraji hupewa mahali na muda: chumba, chakula, meza ya kazi, mara nyingi na nauli na posho ya kujikimu. Mpango wa kimataifa wa waandishi wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, umekuwa ukiwakusanya waandishi wa nchi mbalimbali tangu 1967. Ukaazi haukupi fungu kubwa la kupeleka nyumbani, kwa hiyo anayeacha familia nyuma auhesabu vizuri kabla ya kukubali.

Mfano unaoonyesha vyema ruzuku ilivyo ni mpango wa wakfu wa Miles Morland, ulioanza mwaka 2013 kwa ajili ya waandishi wa Afrika. Mwandishi aliyechaguliwa kuandika riwaya alipewa paundi 18,000 zilizogawanywa kwa miezi 12, akae aandike bila kuhangaikia kibarua. Naye alitakiwa kupeleka maneno mapya 10,000 kila mwezi. Tena aliombwa kwamba kazi hiyo ikija kumpatia mapato, atoe asilimia 20 ili waandishi wengine wasaidiwe. Je, sehemu hiyo inaigeuza kuwa mkopo? Hapana, kwa sababu kitabu kisipoingiza kitu, hadaiwi kitu. Lakini inatufundisha kwamba "bila kurudishwa" si sawa na "bila masharti", na mkataba wa ruzuku husomwa mpaka ukurasa wa mwisho kabla ya kutia saini.

Istilahi moja haitembei peke yake, na ruzuku inakuja na jamii yake ya maneno. Dirisha la maombi ni kipindi cha kupokea maombi, likifungwa limefungwa. Vigezo husema nani anastahili: umri, nchi, aina ya sanaa, uzoefu. Andiko la mradi ndilo moyo wa maombi, na mpango kazi huonyesha nini kitafanyika mwezi gani. Mchanganuo wa bajeti hutenganisha kila gharama. Hapo ndipo wasanii wengi hujidhulumu. Anayeandaa kitabu cha picha cha watoto atamkumbuka mchoraji, mhariri na mpiga chapa, kisha asahau kuandika ujira wake mwenyewe kana kwamba miezi ya kuandika ni bure. Wengi pia husahau makato ya benki, mabadiliko ya thamani ya shilingi, kodi, na ada ya viza. Bajeti ndogo kupita kiasi haimvutii mtoaji. Humwambia kwamba mwombaji hajaijua kazi yake.

Baada ya kukubaliwa huja awamu. Mara nyingi fedha haiingii yote kwa mkupuo: sehemu hutolewa mwanzoni na iliyobaki baada ya ripoti ya utekelezaji na ripoti ya fedha. Stakabadhi zitunzwe tangu siku ya kwanza, hata ile ya bodaboda aliyepeleka turubai ukumbini. Mpango ukibadilika, mtoaji aandikiwe kabla ya kutumia, kwa sababu ruhusa inayoombwa mapema hupatikana kwa urahisi kuliko msamaha.

Mahali pa kutafuta pako pengi kuliko inavyodhaniwa: mabaraza ya sanaa, vituo kama Nafasi Art Space ya Dar es Salaam, taasisi za utamaduni kama Goethe-Institut na Alliance Française, idara za utamaduni za balozi, na mifuko ya kimataifa. Utafutaji wenye tija ni wa kalenda. Programu nyingi hujirudia kila mwaka karibu na miezi ileile, kwa hiyo dirisha lililofungwa leo liandikwe kwa ajili ya mwakani, na andiko lianze kuandaliwa mapema. Tazama pia waliopata miaka iliyopita. Orodha yao husema mengi kuhusu anachopenda mtoaji. Na ujihadhari: mtoaji anayekutaka ulipe kwanza kwa simu ili "kufungua faili", au anayekutangaza mshindi wa kitu usichokiomba, anatafuta pesa zako.

Pamoja na faida zote hizo, ruzuku ina mwisho. Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza Zanzibar mwaka 2004, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha, na likarejea mwaka uliofuata. Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichoanza 2002, nacho kilijikuta hatarini kufungwa mwaka 2019 baada ya fedha za wafadhili kukauka. Kwa upande mwingine, Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarabu kilichoanza 1905, kimevuka tawala na mapinduzi kikiwa klabu ya wanachama. Ruzuku ni nzuri kwa kuanzisha, kwa kutafiti, kwa kujaribu jambo ambalo soko bado halijalijua. Kuifanya mshahara wa kudumu ni kumkabidhi mgeni funguo za nyumba.

Imebaki dosari moja ambayo msanii hawezi kuirekebisha peke yake. Matangazo mengi ya ruzuku Afrika Mashariki hutoka kwa Kiingereza, na maombi hutakiwa kwa Kiingereza, hata pale kazi inayoombewa ni tenzi, tamthilia au riwaya ya Kiswahili. Mwandishi bora wa Tumbatu au Lamu hushindwa na mwandishi wa kawaida anayejua kujaza fomu. Mabaraza ya sanaa, balozi na mifuko inayofanya kazi katika eneo hili ichapishe vigezo kwa Kiswahili na ipokee maandiko ya Kiswahili. Wasomaji wa kuyapima hawakosekani. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) la Tanzania na wenzake wa nchi jirani nao watoe orodha moja ya istilahi za fani hii, ili mkopo uitwe mkopo na tuzo iitwe tuzo.

Nawe msomaji, ukikutana na tangazo kesho, uliza maswali matano kabla ya kuandika hata sentensi moja: fedha inatoka wapi, nani anastahili, ni kwa kazi gani, itarudishwa au la, na hesabu itatolewa vipi. Majibu yakipatikana, umejua kama mbele yako pana ruzuku. Likikosekana hata moja, usitume maombi mpaka ulipate.