Marehemu Alikuwa Akilisha Nani?

Mwanzoni mwa karne ya 19, mwenye baa mmoja wa Uingereza alisafiri na mkewe kwa gari la farasi la abiria, wote wawili wakiwa wamekaa juu ya paa. Gari likapinduka. Mume alitoka na michubuko. Mke alilazwa hospitalini, na baada ya mwezi mmoja hivi akafariki. Mume akaenda mahakamani kumdai mwenye gari, akaeleza kwamba alimpenda mkewe na kwamba biashara ya baa ilimtegemea mama huyo.

Kesi ilisikilizwa mwaka 1808 mbele ya Lord Ellenborough, Jaji Mkuu. Jibu lake kwa juri lilikuwa fupi: katika kesi ya madai, kifo cha binadamu si dhara ambalo mtu mwingine anaweza kulilalamikia. Mfiwa akapewa pauni 100 kwa maumivu yake mwenyewe na kwa ule mwezi mmoja ambao mkewe alikuwa hai lakini hajiwezi. Kwa miaka yote ambayo angeishi bila mke, hakupata hata senti. Aliyemvunja mwenzake mguu alilipa fidia. Aliyemuua alikwenda zake.

Huku Afrika Mashariki uamuzi kama huo ungewashangaza wazee wa mabaraza. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake *Facing Mount Kenya* cha mwaka 1938, ameeleza jinsi Wakikuyu walivyotoza kondoo au mbuzi 100 kwa kumuua mwanamume na 30 kwa mwanamke. Wasomali walihesabu ngamia, na mwanamume alilipiwa ngamia 100. Tofauti hiyo ya mume na mke inauma leo, na inastahili kuuma. Hata hivyo msingi wake ulikuwa wazi: mtu akifa mikononi mwa mwingine, ukoo mmoja umepungukiwa na ukoo mwingine una deni. Ni sheria ya Mwingereza, ambayo baadaye ililetwa huku kama ndiyo sheria hasa, iliyochelewa kulikubali deni hilo.

Kilichoibadilisha ni treni.

Waingereza walikuwa na desturi ya kale kwamba kitu chochote kilichoua mtu, kiwe gurudumu, farasi au shoka, thamani yake hutozwa na kwenda kwa mfalme. Desturi hiyo ilikuwa imelala hadi reli zilipoanza kuua watu kwa makundi. Alfajiri ya tarehe 24 Desemba 1841, treni iliyotoka London iliparamia udongo uliokuwa umeporomoka kwenye bonde la kuchimbwa la Sonning, karibu na Reading. Abiria wa daraja la tatu walikuwa kwenye mabehewa yasiyo na paa, yaliyofungwa nyuma ya injini na mbele ya mabehewa ya mizigo. Mizigo iliwasukuma mbele na kuwabana. Watu 9 walikufa. Wengi wa abiria hao walikuwa mafundi mawe waliokuwa wakijenga jengo jipya la Bunge, wakirudi nyumbani kwa Krismasi. Juri la uchunguzi wa vifo, kwa hasira, likaitoza injini ile pauni 1,000.

Fedha za namna hiyo hazikuwa za wajane. Wenye reli walilalamika kwamba wanakomolewa, nazo familia hazikuona faida yoyote. Agosti 1846 Bunge likapitisha sheria mbili ndani ya mwezi mmoja. Ya kwanza iliifuta desturi ile ya kale. Ya pili, iliyosukumwa na Lord Campbell, iliruhusu mke, mume, wazazi na watoto wa marehemu kudai fidia kutoka kwa aliyesababisha kifo. Wanasheria wa Nairobi na Dar es Salaam wanaitumia sheria hiyo hadi leo, ikiwa katika vazi jingine.

Kabla haijakomaa, ilipata mpaka. Mwaka 1852 mahakama ya Uingereza, katika kesi ya mjane dhidi ya kampuni ya reli, ilisema kwamba fidia hiyo ni ya hasara ya kipato tu, na uchungu wa kufiwa haumo ndani yake. Tangu siku hiyo swali kuu la kesi za vifo likawa: marehemu alikuwa akilisha nani, kwa kiasi gani, na angeendelea kwa miaka mingapi? Mtu anayekaa leo kwenye benchi la mahakama akimlilia mwanawe, halafu akasikia wakili akimuuliza kama kijana huyo alikuwa akimtumia pesa kila mwezi, anaguswa na neno lililosemwa miaka zaidi ya 170 iliyopita.

Gari la injini lilimkuta Lord Campbell ameshafariki, lakini sheria yake ilikuwa tayari. Tarehe 17 Agosti 1896, Bridget Driscoll aligongwa na gari kwenye viwanja vya Crystal Palace, London, akawa mtembea kwa miguu wa kwanza Uingereza kuuawa na gari la petroli. Uchunguzi ulimaliza kwa kusema ni kifo cha ajali. Mwaka huohuo reli ilianza kutandikwa kutoka Mombasa kuelekea Uganda. Mwaka uliofuata, tarehe 12 Agosti 1897, ndiyo siku ambayo mpaka sasa mahakama za Kenya huitumia kama kipimo: sheria za jumla zilizokuwa zikitumika Uingereza siku hiyo zilihesabika kuwa zimeingia nchini. Kwa Tanganyika siku hiyo ni 22 Julai 1920.

Baadaye Kenya ikapata sheria yake yenyewe, Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32, na pembeni yake Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26. Tanganyika iliyaweka mambo hayo mawili pamoja mwaka 1955, katika sheria ambayo leo ni Sura ya 310. Ni milango miwili. Wa kwanza ni wa wategemezi, wanaodai riziki iliyokatika. Wa pili ni wa marehemu mwenyewe: haki aliyokuwa nayo ya kushtaki haifi naye, inaingia kwenye mirathi, na msimamizi wa mirathi anaidai kwa niaba yake.

Mlango huo wa pili una historia yake ya huzuni. Mwaka 1937 mabwana wa House of Lords, mahakama ya juu ya Uingereza wakati huo, walisikiliza kesi ya msichana wa miaka 23 aliyefariki siku chache baada ya ajali ya gari, wakaamua kwamba kufupishiwa maisha ni hasara inayolipwa. Miaka minne baadaye ikaja kesi ya mtoto wa miaka miwili na nusu. Jaji wa kwanza alikuwa ametoa pauni 1,200. House of Lords ikazishusha hadi 200, ikihofia kwamba hakuna anayeweza kuipimia bei furaha ya maisha ambayo mtu hakuyaishi. Uingereza iliifuta fidia hiyo kwa sheria ya mwaka 1982 na badala yake ikaweka kiasi maalumu cha kufiwa. Kenya haikuifuta. Mahakama zake bado huipa mirathi fidia ya kufupishiwa maisha, na kiwango kilichozoeleka ni shilingi 100,000.

Hesabu kubwa iko kwenye mlango wa kwanza. Tuseme marehemu alikuwa akipata shilingi 15,000 kwa mwezi baada ya makato. Zidisha kwa miezi 12, kisha kwa miaka ambayo jaji anaona angeendelea kufanya kazi, tuseme 20. Inafika 3,600,000. Kwa mtu mwenye mke na watoto, mahakama kwa kawaida huchukua theluthi mbili, kwa kuwa theluthi moja angeitumia mwenyewe. Inabaki 2,400,000. Karatasi moja, mistari minne, na maisha ya mtu yameisha kuhesabiwa.

Lakini nani ana hati ya mshahara? Mama lishe hana. Mwendesha boda hana. Kwa muda mrefu mawakili wa upande wa pili walikuwa wakiuliza risiti na vyeti, na pasipo karatasi wakataka dai litupwe. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ya Kenya, katika kesi ya *Jacob Ayiga Maruja*, ilikuwa na marehemu aliyekuwa fundi seremala. Majaji walikataa kwamba njia pekee ya kuthibitisha kazi na kipato ni makaratasi, wakisema msimamo huo ungewadhulumu Wakenya wengi wasiojua kusoma na wasioweka kumbukumbu, ilhali wanajipatia riziki. Walikubali kwamba fundi yule alikuwa akipata takriban shilingi 4,000 kwa mwezi. Katika historia yote hii, hukumu hiyo ni miongoni mwa zile chache zilizoandikwa na watu waliowajua raia wao.

Nyingine ni ya mwaka 1991, kuhusu mtoto mdogo. Kwa kanuni ya 1852, mtoto asiyechuma hana anayemtegemea. Mahakama ya Rufaa ikasema hapana: kwa Kenya, mzazi aliyefiwa na mtoto analipwa, hata kama mtoto huyo hakuwa amechangia chochote, na umri na masomo yake huongeza au kupunguza kiasi tu. Mzazi wa Kiafrika na wa Kihindi hulea akitarajia kulelewa. Mahakama ililitazama jambo hilo kama mwenyeji, si kama mgeni.

Kushinda ni jambo moja, kulipwa ni jingine. Ndiyo maana bima ya mtu wa tatu ililazimishwa na sheria, Uingereza mwaka 1930 na kwa Kenya kupitia Sura ya 405, inayoibana kampuni ya bima ilipe hukumu ambayo mwenye gari amepewa. Sheria hiyo iliyumba pale kampuni zilipoyumba. United Insurance, iliyokatia bima matatu nyingi, iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005. Blue Shield ikafuata mwaka 2011. Familia zilizokuwa na hukumu mkononi zikaambiwa zisubiri. Tena sheria imeweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilifuta jedwali la viwango vya fidia ambalo Bunge lilikuwa limeliongeza, ila kikomo kikabaki. Kinachozidi hapo familia inakifuata kwa mwenye gari mwenyewe.

Huko Tanzania, Shirika la Bima la Taifa ndilo lililokuwa peke yake sokoni tangu mwaka 1967, hadi sheria ya mwaka 1996 iliporuhusu kampuni binafsi.

Kinachoziangusha familia nyingi leo ni tarehe na karatasi. Katika nchi zote mbili madai ya namna hii yana miaka mitatu. Kenya, anayedai kwa niaba ya mirathi lazima kwanza apate barua za usimamizi. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufaa ilisema anayeshtaki kabla ya kuzipata hana kesi. Wategemezi wana nafuu: ikiwa miezi sita imepita bila msimamizi kushtaki, wanaweza kushtaki kwa majina yao. Kesi ya jinai dhidi ya dereva ni nyingine, inaendeshwa na serikali na haimlipi mtu. Hata hivyo dereva akipatikana na hatia na rufaa ikaisha, hukumu hiyo ni ushahidi tosha kwenye kesi ya fidia, ndiyo maana ndugu wa marehemu hawapaswi kuiachia polisi peke yao. Abstrakti ya polisi, cheti cha kifo, ripoti ya daktari aliyepasua maiti, risiti za jeneza na za gari la kusafirisha maiti: hayo ndiyo huwekwa kwenye bahasha ya kaki na kubebwa kwa wakili, mara nyingi na shemeji au kaka mkubwa, kwa sababu mjane bado yuko eda au kijijini.

Kenya pekee ilipoteza zaidi ya watu 4,700 barabarani mwaka 2024. Bahasha hizo ni nyingi.

Hukumu ikitoka, jaji hugawa. Mke ana fungu lake, wazazi lao, na kila mtoto lake kwa jina. Fedha za walio chini ya miaka 18 kwa kawaida huamriwa ziwekwe kwenye akaunti ya benki inayozaa riba, zisiguswe bila idhini ya mahakama. Mtoto aliyekuwa mgongoni siku ya mazishi atakwenda kuzichukua akiwa na kitambulisho chake kipya mkononi.