Kwangu inafanya kazi! Kisa cha jeni OR7D4

Leo naweka kando mambo ya tarakilishi. Au tuseme nitaandika juu ya programu ya aina nyingine, ile iliyo ndani ya pua.

Miaka kadhaa iliyopita tulienda na wenzangu wa kazini kula nyama ya nguruwe. Sahani ilipoletwa, mmoja wetu aliisukuma kando akasema nyama inanuka mkojo. Sisi wengine tulinusa, hatukusikia ila vitunguu na pilipili. Nikamwambia mbele ya watu kwamba ana maringo. Alinyamaza, na tangu siku hiyo hakula nasi tena.

Ukweli ni kwamba ubishi wa aina hii ni wa zamani. Mwaka 1918 Albert Blakeslee, mtaalamu wa mimea wa Marekani, aliandika katika jarida la Science kuhusu maua ya verbena. Mtu mmoja alisikia harufu katika ua ambalo mwenzake hakusikia kitu. Mwaka 1967 mwanakemia John Amoore aliandika katika Nature kwamba watu wenye pua nzima wanaoshindwa kusikia harufu moja tu wanaweza kutuonyesha jinsi kunusa kunavyofanya kazi. Lakini jeni zenyewe hakuna aliyekuwa ameziona.

Zilionekana mwaka 1991. Linda Buck na Richard Axel, wakiwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walieleza jeni 18 za panya, sehemu ya ukoo mkubwa sana wa jeni zinazotengeneza vipokezi vya harufu. Mwaka 2004 wakapewa Tuzo ya Nobel. Binadamu ana jeni za namna hii karibu 400 zinazofanya kazi, na mamia mengine yaliyoharibika, kama msimbo wa zamani uliobaki ndani ya faili bila mtu kuufuta.

Sasa turudi kwenye ile sahani. Nguruwe dume asiyehasiwa hutengeneza kemikali iitwayo androstenoni, ambayo hukaa kwenye mafuta yake. Ndiyo sababu moja ya wafugaji kuhasi madume mapema. Mwaka 2007 Andreas Keller, Leslie Vosshall, Hiroaki Matsunami na wenzao walijaribu mamia ya vipokezi vya binadamu maabarani wakapata kimoja kinachoitikia kemikali hiyo kwa nguvu: OR7D4.

Jeni hii ina toleo jingine lililoenea, lenye mabadiliko mawili, kwenye asidi amino ya 88 na ya 133. Hayo mawili tu! Kipokezi cha toleo hilo huitikia kidogo sana. Watu waliorithi toleo lenye nguvu kutoka kwa baba na mama pia, kwa kawaida husikia androstenoni kama harufu kali na mbaya. Wengine huisikia kwa mbali, wengine huiona tamu kama vanila, na wengine hawasikii kitu kabisa. Jeni hii haielezi tofauti zote, lakini inaeleza sehemu yake. Mwaka 2012 watafiti nchini Norway waliwapa watu nyama iliyopikwa yenye androstenoni, na wenye nakala mbili za toleo lenye nguvu ndio walioilalamikia zaidi.

Sisi waandishi wa programu tuna ugonjwa wetu. Mteja akisema kuna hitilafu, tunajaribu kwenye mashine yetu kisha tunamjibu: kwangu inafanya kazi! Tunasahau kwamba mashine yake si yetu. Mimi nilifanya hivyo hivyo kwa pua ya mwenzangu.

Sijui ana toleo gani, wala langu silijui. Ila juzi nilimpigia simu, nikamweleza habari za OR7D4, nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka: "Sawa bwana, nimekusamehe. Lakini ile sahani nililipia mimi."

Nimeshamtumia pesa.