Jumapili ya Brainerd: Imani na Mbio za Magari katika Historia ya Udugu Wetu

Wageni wanaofika katika ofisi ya usharika wetu huuliza kwanza habari za picha iliyotundikwa juu ya kabati la vitabu vya ubatizo. Wanaonekana wajumbe wetu wanne, mmoja wao akiwa na kola ya kichungaji, wamesimama kando ya gari jekundu ambalo boneti yake imekatwa tundu ili injini ipate kutokeza. Nyuma yao kuna tela, na juu ya tela umesimamishwa msalaba mdogo wa mbao. Picha hiyo ilipigwa Jumapili moja ya mwezi Julai 2004 huko Brainerd, katika jimbo la Minnesota, Marekani. Kwa kuwa ilizua mjadala mkali katika Baraza la Wazee, na kwa kuwa wengi waliokuwamo katika mjadala ule wamekwisha kulala katika Bwana, kamati ya kitabu hiki iliona vema habari yake iandikwe kabla haijapotea.

Udugu kati ya Dayosisi ya Iringa na Sinodi ya Saint Paul, unaojulikana kwa jina la Bega kwa Bega, ulianza mwishoni mwa miaka ya 1980. Mambo yake makubwa, yaani ufadhili wa wanafunzi, ziara na maombezi ya sharika kwa sharika, yameelezwa katika sura nyingine. Hapa twasema habari za mtu mmoja tu, mwenyeji wa wajumbe wetu, ambaye hakupenda jina lake liandikwe. Alikuwa fundi wa magari, mzee wa kanisa katika usharika rafiki, na kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa akishiriki mashindano ya magari ambayo wenyewe huyaita dragi. Magari mawili husimama sambamba, taa huwaka, nayo hukimbia katika njia iliyonyooka umbali wa robo maili, yaani mita 402. Hakuna kona wala mzunguko. Kwa gari la mtu wa kawaida mambo yote huwa yamekwisha katika sekunde kumi na tatu au kumi na nne, na mzee wetu mmoja alisema aliporudi kwamba alikuwa bado akitafuta miwani yake mashindano yalipomalizika.

Mchezo huu haukuzaliwa mahali patakatifu. Katika miaka ya 1930 vijana wa kusini mwa California walikuwa wakinunua magari makuukuu, wakiyapunguza uzito na kuzifanyia kazi injini zake, kisha wakienda kuyajaribu katika maziwa yaliyokauka ya jangwani, kama lile la Muroc. Mwaka 1937 vilabu vyao viliunda chama. Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana wengi walirudi kutoka jeshini wakiwa na ujuzi wa mitambo na fedha kidogo mfukoni, na jangwa lilikuwa mbali. Basi wakashindana barabarani, usiku, kutoka taa moja ya njia panda hadi nyingine. Watu walikufa, washindani na wapita njia pia. Magazeti yakapiga kelele, na jina la mtu mwenye gari la namna ile likawa sawa na jina la mhuni.

Mwaka 1950, katika uwanja mdogo wa ndege wa Santa Ana, watu wachache walianza kuendesha mashindano kwa utaratibu, kwa kiingilio cha senti hamsini za dola. Mwaka 1951 Wally Parks, mhariri wa jarida la Hot Rod, alianzisha chama cha kitaifa kiitwacho NHRA, nia yake kubwa ikiwa ni kuwaondoa vijana barabarani bila kuwanyang'anya magari yao. Mashindano ya kwanza rasmi ya chama hicho yalifanyika mwezi Aprili 1953 huko Pomona, kwa kibali na msaada wa polisi wa mji. Mwaka uliofuata Parks aliwatuma watu wanne wazunguke nchi nzima wakiwa na gari moja na tela lenye vyombo vya kupimia muda, wakiongozwa na Bud Coons, aliyekuwa sajini wa polisi wa Pomona. Kila mji waliofika, waliwakutanisha vijana na wakuu wa mji, wakatafuta kiwanja, mara nyingi uwanja wa ndege uliokuwa haufanyi kazi baada ya vita, wakawafundisha namna ya kukagua magari na kuendesha mashindano. Msafara ule uliitwa Drag Safari. Ndiyo, ni neno letu hili hili, lililokwisha kuvuka bahari na kwenda kufanya kazi ambayo sisi wenyewe hatukuijua. Baadaye uliitwa Safari ya Usalama, na kikosi cha uokoaji cha NHRA kimeendelea kubeba jina hilo.

Watu wakisikia habari za dragi hufikiria yale magari marefu ya wachezaji wa kulipwa yanayozidi kilomita 500 kwa saa. Hayo yapo, na yamekuwa yakifika Brainerd tangu 1982. Mwenyeji wetu hakuwa mtu wa namna hiyo. Wachezaji walio wengi ni mafundi, wakulima, walimu na madereva wa malori, wanaotumia mshahara wao wenyewe, na ushindi wao mara nyingi haurudishi hata gharama ya matairi. Utaratibu wanaoufuata unastahili kuelezwa kwa kituo, kwa maana ndio uliowagusa wajumbe wetu kuliko kelele zote.

Kila dereva huandika kwenye kioo cha gari lake muda ambao anatarajia kuutumia. Mwenyeji wetu siku ile aliandika sekunde 12.90. Mpinzani wake, mama mmoja mwenye gari la kubebea mizigo ya shambani, aliandika 15.40. Kwa hiyo mama yule aliruhusiwa kuondoka sekunde mbili na nusu mbele. Kama kila mmoja angetimiza sawasawa alichokiandika, na kama wangeitikia taa kwa wepesi ule ule, wangefika pamoja. Ndiyo sababu gari bovu huweza kulishinda gari zuri. Lakini iko kanuni nyingine: anayekwenda kwa kasi kuliko alivyoandika hushindwa. Mtu akidai kwamba gari lake ni dhaifu ili apewe nafasi ya mbele, kisha akakimbia kwa nguvu zake zote, saa humfichua kwa sehemu ya elfu ya sekunde. Taa zenyewe, zilizoanza kutumika mwaka 1963, husimama katika nguzo moja na huitwa Mti wa Krismasi, na anayeondoka kabla ya ile ya kijani huwashiwa nyekundu. Mama yule alishinda. Mwenyeji wetu alitoka kwa kuchelewa kidogo, akataka kuufidia ucheleweshaji wake, akamaliza kwa 12.87. Mchungaji wetu alilitumia jambo hilo katika mahubiri mara tatu tunazozikumbuka, na kila mara kiasi cha kasi kiliongezeka.

Sasa tuje kwenye ibada. Mashindano mengi huwa mwisho wa juma, na fainali huangukia Jumapili. Kwa Mkristo wa Marekani mwenye kuupenda mchezo huu, lilikuwa swali lisilokwepeka: ama aache gari, ama aache kanisa. Wengi waliacha kanisa. Tangu miaka ya 1970 huduma iitwayo Racers for Christ imekuwa ikiwapeleka wachungaji na wahudumu viwanjani. Hufanya ibada fupi asubuhi kabla injini hazijawashwa, huomba na dereva mmoja mmoja aliyekwisha kufungwa mikanda, na huwa karibu na familia ajali inapotokea. Wajumbe wetu walikuta watu wapatao thelathini wamekaa kwenye viti vya kukunja na juu ya matairi. Waliimba bila kinanda. Somo lilikuwa sura ya tisa ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, ambapo Mtume anasema habari za washindanao kwa mbio, na mhubiri, asiyekuwa Mlutheri, alihubiri dakika kumi na mbili. Walitusalimia kwa heshima, wakamwomba mchungaji wetu atoe baraka kwa Kiswahili.

Haifai kuficha kwamba maombi ya mahali kama pale yana hatari yake. Yanaweza kugeuka hirizi. Mtu akiombewa ili asiumie, naye akaenda bila kukagua breki, amefanya kile ambacho Bwana wetu alikikataa juu ya kinara cha hekalu katika Mathayo 4. Historia ya mchezo huu inaonyesha kwamba walio bora kati yao wamelifahamu hilo. Tarehe 8 Machi 1970 giaboksi ya gari la Don Garlits ilipasuka mbele yake na kumkata sehemu ya mguu wa kulia. Garlits ni Mkristo ambaye baadaye alichora msalaba kwenye magari yake, wala hakutosheka na kushukuru kwamba yu hai: akiwa kitandani alibuni gari ambalo injini yake iko nyuma ya dereva, na mwaka 1971 akalitumia kushinda. Katika muda mfupi karibu wote wa daraja lake walifuata umbo hilo, na haiwezekani kuhesabu ni wangapi lilikowaokoa. Vivyo hivyo, Scott Kalitta alipofariki mashindanoni huko New Jersey tarehe 21 Juni 2008, magari ya madaraja ya juu kabisa yalifupishiwa njia mwezi uliofuata, kutoka mita 402 hadi mita 305 hivi, ili yapate nafasi zaidi ya kusimama. Maombi yalikuwapo, na vipimo vilibadilishwa.

Wajumbe waliporudi na picha zao, Baraza la Wazee liliketi mwezi Septemba 2004. Mzee mmoja, aliyekuwa ameutumikia usharika tangu siku za wainjilisti wa kwanza wazalendo, aliuliza kwa upole lakini bila kuyumba: Je, ni halali kwa watu waliotumwa kwa sadaka ya wajane kuitumia siku ya Bwana kutazama magari yakishindana? Alikumbusha Amri ya Tatu. Alisema kwamba kama sisi tungehamishia ibada penye mnada wa ng'ombe kwa sababu watu wako huko, lisingebaki kanisa. Wengine walimjibu kwamba mwenyeji hubebwa na mwenyeji wake, na kwamba ibada ilikuwapo. Mjumbe mwanamke pekee katika msafara alisema kwamba katika majuma matatu ya ziara ile, mahali pekee alipoona wanaume wa Kizungu wakiombeana kwa kuwekeana mikono mabegani ni pale kwenye mafuta na moshi. Kwa maoni ya mwandishi, mzee yule hakujibiwa kikamilifu. Swali la fedha na la siku ni maswali ya haki, na baadhi ya wapenzi wa mchezo huu huko kwao wameuza hata nyumba kwa ajili ya injini.

Mwaka 2006 mwenyeji wetu alikuja. Hakuhubiri hata mara moja, ingawa aliombwa. Alikaa siku tisa chini ya injini ya mashine ya kusaga ya usharika, iliyokuwa imelala tangu mvua za mwaka uliotangulia, akiwa na vijana wanne wa Idara ya Vijana, akiwafundisha kwa ishara na kwa michoro ya mkaa ukutani. Mashine ilisaga hadi umeme ulipofika. Wawili kati ya vijana wale ni mafundi hata leo, na mmoja wao ndiye anayeitengeneza gari la Mkuu wa Jimbo. Yule mzee mpinzani alileta unga wa kwanza nyumbani kwa mchungaji, ili mgeni apikiwe ugali.

Kisha zikaja pikipiki. Kama kila mahali kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia, vijana wetu waliingia katika kazi ya bodaboda, na jioni, abiria wakiisha kupungua, walianza kushindana kutoka darajani hadi kituo cha mafuta. Mwezi Novemba 2013 wawili walifariki usiku mmoja, mmoja papo hapo na mwingine njiani kwenda hospitali. Wote wawili walikuwa wamepata kipaimara katika usharika huu. Tuliwazika siku moja. Katika kikao kilichofuata, wengi walitaka mashindano yakemewe madhabahuni, na yalikemewa. Ndipo mzee yule, sasa akiwa na zaidi ya miaka themanini na akitembea kwa mkongojo, aliposimama na kuuliza kama kuna mtu anayekumbuka yule sajini wa polisi aliyezunguka na tela, maana alisimuliwa habari zake na mgeni wetu walipokuwa wakila. Alitaka kujua sajini yule alianzaje mazungumzo na vijana.

Hatukupata uwanja. Mkutano kati ya madereva wa bodaboda na polisi wa usalama barabarani ulifanyika katika ukumbi wa usharika mwezi Januari 2014, na umekuwa ukifanyika kila mwaka tangu hapo, juma la kwanza baada ya Epifania. Kabla ya maombi pikipiki hukaguliwa moja moja uani, breki, taa na matairi, na fundi anayekagua ni mmoja wa wale wanne wa mashine ya kusaga. Kofia ngumu ya mwenyeji wetu, aliyoiacha alipoondoka, huwekwa juu ya meza siku hiyo.

Ama lile swali la mwaka 2004, kumbukumbu za kikao zinaonyesha kwamba lilijadiliwa kwa saa mbili na dakika arobaini, kisha likaahirishwa hadi kikao kijacho. Halijarudi katika ajenda.