Skrubu zinapolegea mgongoni baada ya upasuaji wa kiuno

Upasuaji wa kuunganisha pingili za kiuno umewarejeshea watu wengi uwezo wa kutembea na kufanya kazi. Hata hivyo, kwa baadhi yao, miezi au miaka kadhaa baadaye, picha ya eksirei huonyesha kwamba skrubu moja au zaidi zilizofungwa mgongoni zimelegea.

Habari hiyo huzua hofu. Wapo wanaodhani kwamba chuma kinakaribia kuchomoka, au kwamba ni lazima warudi haraka katika chumba cha upasuaji. Mambo hayawi hivyo daima. Linaloamua zaidi hatima ya mgonjwa si skrubu yenyewe, bali jibu la swali moja: je, mfupa umeungana?

Kazi ya skrubu

Sehemu ya kiuno ina pingili tano, na kati ya pingili na pingili kuna kisahani laini kinachopunguza mtikisiko. Pingili zikiteleza kutoka mahali pake, au kisahani kikichakaa na mishipa ya fahamu ikabanwa, maumivu huweza kushuka hadi miguuni. Iwapo dawa na mazoezi hayakufaa, daktari mpasuaji anaweza kuamua kuziunganisha pingili mbili au zaidi ziwe mfupa mmoja.

Vipande vya mfupa hupandikizwa kati ya pingili hizo au kando yake. Kisha skrubu, ambazo aghalabu ni za titani, hupitishwa katika vikonyo vya pingili, yaani sehemu mbili nyembamba zinazounganisha upande wa mbele na upande wa nyuma wa kila pingili. Skrubu hizo hufungwa pamoja kwa fito mbili za chuma.

Kazi ya vyuma hivyo ni kama ya mbao ambazo fundi mwashi huzitumia kushikilia zege hadi likauke. Nguvu ya kudumu hutoka katika mfupa mpya, ambao kwa kawaida huhitaji kati ya miezi 6 na 12 kukomaa, na wakati mwingine zaidi. Muda wote huo, kila mgonjwa anaposimama, kuinama au kugeuka, skrubu hubeba uzito. Mfupa ukichelewa kuungana, mtikisiko huo mdogo mdogo huitanua tundu la skrubu.

Historia fupi

Upasuaji huu ulianza bila skrubu. Mwaka 1911, madaktari Russell Hibbs na Fred Albee wa mjini New York, kila mmoja kwa njia yake, walitangaza mbinu za kuunganisha pingili. Miongoni mwa wagonjwa wa mwanzo walikuwa wenye kifua kikuu cha uti wa mgongo, maradhi ambayo bado yapo Afrika Mashariki.

Mwaka 1963 Mfaransa Raymond Roy-Camille alianza kupitisha skrubu katika vikonyo vya pingili, na mbinu hiyo ikaenea. Nchini Marekani ilizua ubishi na kesi nyingi mahakamani katika miaka ya 1990, kabla ya mamlaka ya chakula na dawa kuupa msingi rasmi matumizi yake kwa matatizo kadhaa ya mgongo mwaka 1998.

Kwa nini skrubu hulegea

Sababu ya kwanza ni udhaifu wa mifupa. Mfupa uliopoteza madini haushiki skrubu barabara, sawa na mchanga usivyoweza kushika nguzo. Wanaoathirika zaidi ni wazee, wanawake waliokoma hedhi, na watu waliotumia dawa za jamii ya prednisoloni kwa muda mrefu. Tafiti zilizochapishwa zimekadiria kwamba skrubu hulegea kwa kiasi cha asilimia 1 hadi 15 ya wagonjwa wenye mifupa imara. Kwa wenye mifupa dhaifu, kiwango kilichoripotiwa kimeweza kuzidi asilimia 60.

Sababu ya pili ni mfupa kutoungana. Uvutaji wa sigara hupunguza damu inayoufikia mfupa mpya, na kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha uponaji.

Ya tatu ni maambukizi. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi, wakiwemo wale waitwao Cutibacterium acnes, wanaweza kujificha juu ya chuma kwa miezi mingi. Mgonjwa huenda asipate homa wala usaha, na dalili pekee ikawa maumivu na skrubu iliyolegea.

Ya nne ni uzito wenyewe. Pingili nyingi zinapofungwa pamoja, skrubu za mwisho ndizo hubeba mzigo mkubwa, hasa zile za chini kabisa, mahali uti wa mgongo unapokutana na nyonga.

Dalili na vipimo

Baadhi ya wagonjwa hawahisi lolote, na tatizo hugunduliwa katika picha ya kawaida ya ufuatiliaji. Wengine hueleza kwamba walipata nafuu kwa miezi kadhaa, kisha maumivu ya kiuno yakarudi, hasa wanaponyanyuka kitini, wanapogeuka kitandani au wanaposimama kwa muda mrefu.

Katika eksirei, skrubu iliyolegea huzungukwa na ukanda mweusi wenye upana wa milimita 1 au zaidi. Kipimo cha CT huonyesha vyema zaidi ukanda huo, na pia husaidia kubaini kama mfupa umeungana. Vipimo vya damu hutafuta dalili za maambukizi, lakini majibu mazuri hayatoshi kuyakanusha. Skrubu ikitolewa, sampuli huweza kuoteshwa maabara kwa muda wa hadi siku 14, kwa kuwa bakteria hao hukua polepole.

Si kila skrubu iliyolegea hutolewa

Iwapo mfupa umekwisha kuungana na mgonjwa hana maumivu, kwa kawaida daktari humfuatilia tu kwa picha. Skrubu imemaliza kazi yake. Ikimsumbua, inaweza kutolewa bila kuwekwa nyingine.

Iwapo mfupa haujaungana lakini maumivu ni kidogo, madaktari huweza kusubiri huku wakitibu chanzo: kuacha sigara, kudhibiti kisukari, kurekebisha upungufu wa vitamini D na kutibu udhaifu wa mifupa. Dawa ya teriparatidi, inayochochea ujenzi wa mfupa, imeonekana katika tafiti kupunguza ulegeaji wa skrubu kwa wanawake waliokoma hedhi.

Maumivu yakiwa makali na mfupa haujaungana, upasuaji wa marudio huzingatiwa. Skrubu nene au ndefu zaidi hutumika, mfupa mpya hupandikizwa, au pingili zaidi zikaunganishwa, pengine hadi kwenye fupanyonga. Mahali mfupa ulipo dhaifu, daktari anaweza kuimarisha skrubu kwa saruji maalumu ya mifupa. Saruji hiyo ina hatari zake: ikivuja inaweza kugusa mishipa ya fahamu, au kuingia katika damu na kufika mapafuni.

Kwa wanaoishi mbali na aliyewapasua

Upasuaji wa uti wa mgongo hufanyika Afrika Mashariki, ikiwemo katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam. Hata hivyo, wagonjwa wengi husafiri hadi India, na wengine hupasuliwa katika nchi wanakofanya kazi kisha wakarejea nyumbani. Kwao, nyaraka huwa na thamani kubwa.

Ripoti ya upasuaji yenye aina, kipenyo na urefu wa skrubu humsaidia daktari mwingine kuandaa vifaa vinavyolingana. Picha za kabla na za mara baada ya upasuaji humwezesha kulinganisha. Inafaa kuziomba kabla ya kuondoka hospitalini na kuhifadhi nakala.

Upungufu wa vitamini D nao huonekana sana katika nchi za Ghuba licha ya jua kali, kwa kuwa watu hukaa ndani au hufunika mwili. Nchini Uingereza, idara ya afya hushauri watu wenye ngozi nyeusi kufikiria kutumia mikrogramu 10 za vitamini hiyo kila siku mwaka mzima.

Mgonjwa anayehisi maumivu kurudi asikubali kunyooshwa mgongo au kukandwa kwa nguvu kabla ya kupigwa picha.

Dalili za kwenda hospitali bila kuchelewa

Mguu kuishiwa nguvu, ganzi katika sehemu za siri na makalio, au kushindwa kuhisi au kuzuia haja ndogo au kubwa ni ishara kwamba mishipa ya fahamu imebanwa. Hali hiyo ni ya dharura, na kuchelewa kwa saa chache kunaweza kuacha ulemavu wa kudumu. Homa, au kidonda kinachotoa majimaji, navyo huhitaji daktari siku hiyo hiyo.

Pasipo dalili hizo, aliyeambiwa kwamba skrubu imelegea ana muda wa kuuliza maswali matatu kabla ya kukubali upasuaji mwingine: je, mfupa umeungana, je, maambukizi yamechunguzwa, na je, uimara wa mifupa umepimwa? Skrubu mpya ikiwekwa kabla ya majibu hayo kupatikana, inaweza kulegea kama ile ya kwanza.